Sandarusi, Kaharabu na Kisukuku cha Mezani

Hotuba kwa walimu wa sayansi wa shule za msingi na wazazi, Bagamoyo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliokaa mbele: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimeombwa nizungumzie kazi moja ya mikono inayopendwa sana na watoto, ya kutengeneza kaharabu ya bandia yenye mdudu ndani. Kaharabu ya kweli ni utomvu wa mti uliokaa ardhini mamilioni ya miaka mpaka ukawa mgumu. Wengi wenu mmeiona. Mtoto anachukua kitu cha majimaji chenye rangi ya asali, anatumbukiza mdudu, kinaganda, anakiinua kwenye mwanga na kutangaza kwamba amepata kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika. Naipenda kazi hii na nimekuja kuitetea. Lakini naitetea kwa sharti moja: kila hatua anayoifanya mtoto mezani iwe na hatua inayolingana nayo iliyowahi kutokea msituni. Mtoto akimwaga, ajue ni nini kilichomwagika. Akisubiri, ajue ni nani aliyesubiri na kwa muda gani. Bila hivyo tunampa pambo tu, na pambo angeweza kulinunua.

Nitaanzia hapa tulipo, maana watu wa pwani hatuna haja ya kuagiza habari za utomvu kutoka mbali.

Mti wetu ni msandarusi. Wataalamu wanauita Hymenaea verrucosa. Unaota katika misitu ya pwani kuanzia Kenya, unapita kwetu, unashuka hadi Msumbiji na kuvuka bahari mpaka Madagaska. Tawi likivunjika au mdudu akitoboa gome, mti huu hutoa utomvu mzito unaonata. Utomvu unateremka shinani, mwingine unadondoka chini, unafunikwa na majani, kisha udongo. Mti unakufa na kuoza, utomvu unabaki. Hiyo ndiyo sandarusi.

Wazee wa Mrima, yaani pwani yetu hii, walizitofautisha vizuri kabla ya maabara yoyote kufunguliwa. Iliyobanduliwa mtini ikiwa bado mbichi waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa duni. Iliyochimbwa ardhini, ngumu, iliyokomaa, ndiyo iliyokuwa sandarusi yenyewe. Ukiiosha ikatoka udongo, uso wake unaonekana umejaa vipele vidogo vidogo, na wanunuzi wa ng'ambo waliitambua sandarusi ya Zanzibar kwa vipele hivyo.

Ninaposema wanunuzi wa ng'ambo sisemi jambo dogo. Sayyid Said na Marekani walifanya mkataba wa biashara mwaka 1833, na meli za mji wa Salem, Massachusetts, zikawa zinapakia sandarusi pamoja na pembe za ndovu. Kulikuwa na kiwanda kule Salem cha kuisafisha. Iliyeyushwa ikawa vanishi ya samani na ya magari ya farasi, kwa sababu vanishi yake ilikuwa ngumu na yenye kung'aa kuliko nyingine nyingi za wakati ule. Aliyeichimba ni Mzaramo na majirani zake wa upande wa Rufiji, kwa jembe, shimo baada ya shimo. Katika karne ya 20 viwanda vilipoanza kutengeneza vanishi bila utomvu wa miti, soko likafifia, na leo unaweza kukuta mtoto wa darasa la sita aliyezaliwa hapa hapa ambaye hajawahi hata kulisikia jina la sandarusi. Jambo hili linaniuma. Ndiyo sababu siwezi kuzungumzia kaharabu ya bandia bila kuianza na sandarusi ya kweli.

Sasa wadudu. Sandarusi ikisafishwa na kuinuliwa kwenye mwanga, mara nyingine ndani yake unaona sisimizi, mchwa mwenye mbawa, buibui, nzi. Na mimea pia. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Zanzibar mwaka 1866, alikuwa anatafuta jibu la swali ambalo mtoto yeyote angeweza kuliuliza: je, hii inayochimbwa kwenye ardhi isiyo na mti hata mmoja juu yake, inatokana na mti gani? Jibu lilikuwa ndani ya sandarusi yenyewe, majani na maua ya msandarusi yaliyonaswa humo. Mti ulikuwa umeshaondoka, ukaacha ushahidi wake ndani ya utomvu wake.

Walimu, mkiwa na dakika tano tu za kuwaeleza watoto kisukuku ni nini, waelezeni habari hiyo.

Je, sandarusi ni kaharabu? Bado. Zote mbili zilianza kama utomvu wa mti. Tofauti iko kwenye muda, na kwenye kile ambacho muda huo umefanya. Utomvu ukikaa ardhini, sehemu zake nyepesi zile zenye harufu hutoka polepole, na molekuli zinazobaki hushikana moja na nyingine mpaka zinakuwa mtandao mmoja mgumu. Sandarusi iko katikati ya safari hiyo. Vipande vingi vya Madagaska vilivyopimwa umri kwa njia ya kaboni vimeonekana kuwa na miaka mia kadhaa tu. Kaharabu imefika mwisho wa safari: ile ya Bahari ya Baltiki ina zaidi ya miaka milioni 30, ya Jamhuri ya Dominika ina miaka milioni 15 hadi 20, na ile ya Myanmar inakaribia miaka milioni 99, wakati dinosaria bado wanatembea. Mwaka 2016 watafiti walieleza kipande cha Myanmar chenye mkia wa dinosaria mdogo, una manyoya yake.

Kuhusu ile ya Dominika, mimi huona fahari kila ninapoitaja. Mti ulioitoa umeshatoweka duniani. Ulielezwa na George Poinar mwaka 1991 na kupewa jina Hymenaea protera. Na miti yote ya jamii hiyo iliyo hai leo ilipolinganishwa nao, uliokaribiana nao zaidi haukuwa mti wa Amerika, ambako jamii hiyo imejaa. Ulikuwa msandarusi wetu huu wa Afrika Mashariki. Mtoto anayesimama chini ya msandarusi amesimama chini ya ndugu wa mti uliotengeneza mojawapo ya kaharabu mashuhuri kuliko zote.

Haya, twende mezani.

Kwanza niseme kile nisichokipenda. Njia inayofanywa mara nyingi ni kumwaga kila kitu kwa mkupuo mmoja na kumning'iniza mdudu katikati, mkubwa, mzima, miguu imenyooshwa vizuri. Msituni haikuwa hivyo. Utomvu ulishuka mara ya kwanza, ukaanza kukauka usoni. Mdudu akapita, au akapeperushwa na upepo, akanasa kama ndege kwenye ulimbo. Akapigana. Mguu ukakatika, ubawa ukapinda. Kisha utomvu mwingine ukashuka juu yake ukamfunika. Kwa hiyo ndani ya sandarusi halisi unaona matabaka, na mdudu mara nyingi amelala pale tabaka mbili zinapokutana. Tena ni mdogo. Mkubwa ana nguvu, hujinasua akaenda zake. Ndiyo maana kaharabu imejaa sisimizi na visubi, na mijusi ni nadra sana.

Basi mtoto na afanye vivyo hivyo, kwa tabaka.

Nimechagua agari, ile ya kutengenezea faluda ambayo madukani wengine huiita chaina grasi. Sababu zangu ni tatu, na ya kwanza ni joto letu. Jelatini ambayo vitabu vya nje huitaja huhitaji friji ili igande, na ukiitoa hapa pwani mchana wa Februari inarudi kuwa maji mkononi mwa mtoto. Agari hugandia kwenye joto la kawaida la chumba, ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85. Ya pili, agari hutokana na mwani, kwa hiyo hakuna mzazi atakayehangaika kuuliza kama imetokana na mnyama gani. Ya tatu, haina sumu. Mtoto mdogo akiilamba hakuna madhara, ilimradi hajaweka mdudu.

Chukua robo lita ya chai ya rangi iliyochujwa, tia vijiko viwili vya chai vya agari ya unga, koroga ikiwa baridi kwanza, kisha chemsha huku unakoroga kwa dakika mbili hivi mpaka isionekane punje. Chai ndiyo itakayotoa rangi. Isiwe nzito kupita kiasi, maana chai nzito sana ikipoa hufanya ukungu na mtoto hataona ndani. Ukitaka rangi safi zaidi, unguza sukari kidogo hadi iwe kahawia na uiyeyushe kwenye maji, lakini hiyo ni kazi ya mtu mzima peke yake: sukari iliyoyeyuka ina joto kuliko maji yanayochemka, na inaganda kwenye ngozi. Manjano niliyaona yakipendekezwa. Yanatia rangi nzuri lakini yanafanya tope.

Paka mafuta kidogo kwenye kifuniko cha chupa au trei ya barafu. Mwaga tabaka la kwanza, nusu sentimita inatosha. Sasa subirini. Hapa ndipo mwalimu anapofundisha, mikono ya watoto ikiwa haina kazi. Waulize: mti ulisubiri nini? Uso wa agari ukianza kushika lakini bado unanata kidogo, mtoto amlaze mdudu wake kwa kijiti cha kuchokolea meno. Amburute kidogo, ili abaki na njia aliyopita. Anyunyize chembe mbili tatu za gome au vumbi la mbao, kwa sababu utomvu ulioshuka kwenye shina hauwezi kuwa msafi. Akitaka mapovu ya hewa, apulize taratibu kwa mrija. Kisha tabaka la pili, ambalo lisiwe la moto wa kuchemka, lisije likayeyusha la kwanza.

Kuna kikundi kitachelewa. Tabaka lao la kwanza litapoa kabisa na kukauka uso, na watakapobandua kipande kitaachana mara mbili kama mkate uliokatwa. Msiwaambie wamekosea. Sandarusi na kaharabu halisi nazo hupasuka hivyo hivyo, kwenye mpaka wa mmiminiko mmoja na mwingine. Waambieni wakiangalie vizuri na waeleze msitu wao ulikuwa na siku ngapi za ukame kati ya mmiminiko wa kwanza na wa pili.

Kuhusu mdudu: achukuliwe aliyekwisha kufa. Chini ya taa ya barazani asubuhi kuna mbawa za kumbikumbi, visubi, mbu, nondo wadogo, wa kutosha darasa zima. Hatuui mdudu kwa ajili ya kazi hii, hasa nyuki. Na watoto waonywe kuhusu yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayekuja kwenye taa wakati wa mvua, ambaye akipondwa kwenye ngozi huacha malengelenge. Huyo asiguswe hata akiwa amekufa.

Nyuki nimewataja kwa sababu nyingine pia. Wale nyuki wadogo wasiouma hupatikana kwa wingi ndani ya sandarusi na ndani ya kaharabu ya Dominika. Wao hukusanya utomvu wa miti kujengea viota vyao, kwa hiyo wako pale pale kwenye jeraha la mti kila siku, na kila siku kuna anayenasa. Mtoto akielewa hilo ameelewa jambo kubwa: visukuku havituonyeshi msitu wote, vinatuonyesha wale waliokuwa karibu na mtego. Samaki wa mtoni hatumwoni. Tembo hatumwoni.

Lakini kuweni wapole na mtoto wa pwani atakayetaka kuweka kigamba cha bahari. Mimi zamani ningemkatalia. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya kipande cha kaharabu ya Myanmar chenye gamba la amonaiti, mnyama wa baharini wa jamii ya pweza na ngisi aliyetoweka pamoja na dinosaria. Inaelekea mti uliota karibu na ufuo, utomvu ukadondokea kwenye mchanga wenye magamba. Mtoto wa Bagamoyo aliyeona miti ikiota jirani na ufuo ana haki ya kuweka kigamba chake. Ila aeleze kilifikaje.

Njia nyingine nitazipitia haraka. Gundi ya karatasi ile inayokauka na kuwa angavu inafaa, ikitiwa tone la rangi ya chakula. Mwaga tabaka nyembamba, maana nene hukauka nje na kubaki uji ndani, na ivumilie siku kadhaa. Kipande chake hudumu kuliko cha agari. Sabuni ya glisirini ya kuyeyusha nayo ni nzuri kwa watoto wadogo sana. Epoksi, hapana. Najua inatoa kipande kizuri kuliko vyote, na najua picha zake zinavutia. Lakini kile kigumushi chake huwasha ngozi na macho, na mtu aliyepata mzio wa epoksi anaweza kubaki nao maisha yote. Mwalimu anayetaka sampuli ya kudumu ya kabati la sayansi aitengeneze mwenyewe, nje penye upepo, amevaa glavu, watoto wakiwa hawapo. Mikononi mwa mtoto isiingie.

Baada ya kazi ya mezani kuna sehemu ambayo wengi huiacha, nami naiona ndiyo tamu kuliko zote. Acheni kipande kimoja cha agari dirishani. Baada ya siku chache kitaota kuvu, kitasinyaa, na mdudu ataanza kuoza. Watoto watakasirika. Hapo uliza: mbona aliyenaswa miaka milioni 20 hakuoza?

Fanyeni jaribio. Chukueni vikopo vitatu vyenye vifuniko vya wazi, kimoja kitiwe agari, kingine asali, cha tatu gundi angavu. Wekeni katika kila kimoja kipande cha jani moja lile lile. Andikeni tarehe, na mwangalie kwa wiki kadhaa. Agari imejaa maji, na vijidudu wanataka maji. Asali ina sukari nyingi mno inayonyonya maji kutoka kwa kila kinachoishi ndani yake. Gundi hukauka na kuzuia hewa. Utomvu wa msandarusi hufanya zaidi ya hayo: hukausha mwili wa mdudu, huzuia hewa, na una kemikali ambazo mti wenyewe ulizitengeneza ili kupambana na kuvu na bakteria kwenye jeraha lake. Mti ulikuwa unajitibu, na mdudu akahifadhiwa kwa dawa hiyo hiyo. Hata hivyo tusiwadanganye watoto kwamba hakuoza hata kidogo. Wadudu wengi wa kaharabu ya Baltiki wana utando mweupe pembeni, alama ya uozo ulioanza kisha ukasimama, na mara nyingi ndani kumebaki ganda tupu.

Kwa wale wa kusini wenye mikorosho, na sisi tuliobahatika kuwa nayo huku, kuna jaribio dogo zaidi. Mkorosho hutoa gundi inayoganda shinani, na mgunga pia. Kwa macho inafanana na sandarusi. Iweke kwenye glasi ya maji usiku kucha: inavimba na kulainika, nyingine inayeyuka kabisa. Sandarusi haitikisiki. Ndiyo maana gundi ya mkorosho haiwezi kuwa kaharabu hata ungeipa miaka milioni. Mvua ya kwanza inaanza kuiyeyusha.

Mtoto aliyefika hapa yuko tayari kwa swali gumu: nitajuaje ya kweli na ya bandia? Swali hili lina faida hata nje ya darasa, maana sandarusi ya Madagaska huuzwa kwa jina la kaharabu, na plastiki huuzwa kwa majina yote mawili. Chukueni glasi ya robo lita ya maji, yeyusheni vijiko vya chai vinane vya chumvi. Kaharabu na sandarusi huzama kwenye maji ya kawaida na kuelea kwenye haya ya chumvi. Kioo kinazama kote kuwili, na gundi iliyokauka vizuri mara nyingi inazama pia. Zipo plastiki zinazoelea, kwa hiyo jaribio hili huondoa baadhi ya washukiwa tu. Kutenganisha sandarusi na kaharabu, mtu mzima aweke tone la spiriti pembeni pasipoonekana: sandarusi huanza kunata, kaharabu haijali. Na kusugua kwenye sufu au kwenye nywele kavu kisha kukisogeza kipande kwenye vipande vya karatasi, watoto watafurahi kuona karatasi zinaruka, lakini plastiki nayo hufanya hivyo, basi msiwaache waamini kwamba huo ni uthibitisho.

Mkihisi watoto wanadhani wanasayansi hawadanganyiki, wapeni kisa cha nzi wa London. Makumbusho ya historia ya viumbe ya mji huo ilipokea mwaka 1922 kipande cha kaharabu ya Baltiki chenye nzi, kilichokuwa kimejulikana tangu 1850. Nzi huyo alikuwa wa aina iliyopo hadi leo, nzi wa chooni. Mwaka 1966 mtaalamu mkubwa wa nzi, Willi Hennig, alimchunguza na kumkubali, akaona ni ajabu kwamba aina moja imedumu mamilioni ya miaka bila kubadilika. Mwaka 1993 Andrew Ross, kijana aliyekuwa anasoma kipande hicho chini ya hadubini, akaona ufa ukijitokeza kwa joto la taa. Kipande kilikuwa cha kaharabu ya kweli, lakini mtu alikipasua kati, akachimba kijishimo, akamweka nzi wa kawaida, akakifunga tena. Zaidi ya miaka 140 kilipita mikononi mwa wajuzi.

Aliyefanya hivyo alikuwa na ufundi uleule tunaoufundisha leo. Kilichomfanya kuwa mwongo ni kwamba hakuandika. Kwa hiyo kila kipande kitakachotoka kwenye meza hizi kitakuwa na kikaratasi: MFANO, kisha jina la aliyekitengeneza, tarehe, na vitu alivyotumia. Walimu, msiuone huu kuwa mzaha wa watoto. Makumbusho yote makini huandika hivyo kwenye nakala zake, na mtoto anayezoea kuandika "mfano" kwenye kazi yake nzuri kuliko zote amejifunza uaminifu wa kisayansi kwa mkono wake.

Swali la mwisho naliona kwenye uso wa yule kijana wa mstari wa mbele, kwa sababu huulizwa kila mara: je, hatuwezi kuchukua damu ya dinosaria kwenye mbu wa kaharabu tukamrudisha? Mwanangu, katika miaka ya 1990 walikuwepo watafiti waliotangaza kupata vinasaba vya wadudu wa kale ndani ya kaharabu. Wengine walirudia, hawakupata. Mwaka 2013 watafiti wa Manchester wakatafuta kwenye sandarusi ya Kolombia, kipande kimoja cha miaka kama 10,600 na kingine cha miaka 60 tu. Sitini, umri wa babu yako! Hawakuona ushahidi wa kuaminika wa vinasaba vya mdudu hata humo. Umbo la mdudu hudumu kuliko maandishi yaliyomo ndani ya chembe zake. Dinosaria hatarudi kwa njia hiyo. Lakini ukitaka kuona walikoishi, nenda Tendaguru kule Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 mamia ya wachimbaji wa hapa hapa nchini, wakisimamiwa na fundi wetu Boheti bin Amrani, walifukua mifupa ya majitu ya miaka milioni 150. Mkubwa wao amesimama Berlin leo.

Ndugu Mwenyekiti, naona agari ya meza ya kwanza imeshapata moto. Meza ya kushoto ni ya agari, ya kati ni ya gundi, ya kulia ina glasi za chumvi na vipande vichache vya sandarusi halisi vilivyoazimwa kwa wenyewe, tafadhali vishikwe kwa zamu na virudi vyote. Sufuria zishikwe na watu wazima. Wanafunzi, kabla hujamwaga tabaka la pili, mwite mwalimu wako umwambie mdudu wako alinasaje. Usipoweza kumwambia, usimwage bado. Karibuni.